Raba Isiyopitisha Yowe

Samuye,
12 Novemba 2023

Kwako mdogo wangu Loveness,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Huku wazima. Mama Martina anakusalimu, anasema kile kitenge ulichomtumia kimewanyima usingizi wanawake wa jumuiya nzima. Martina anamwamkia shangazi yake. Mambo ya posa yamekwisha, ng'ombe wameshaingia zizini kwangu wakiwa na mapembe yao yote, na harusi ni Juni, watu wakishavuna. Mvua imeanza. Dume jeupe la jirani yetu Bartholomeo limevunja ua wangu tena, nikampelekea salamu kwamba nitaliozesha mtamba wangu, nidai mahari.

Sasa jambo lenyewe. Nimelifufua Pijo, gari la baba.

Usicheke. Ni lile lile 504 lililokaa nyuma ya zizi, ambalo kuku walitagia kwenye kiti cha dereva, na wewe ukasema liuzwe chuma chakavu. Injini inaunguruma mpaka watoto wa shule wanasimama. Fundi mmoja kutoka mjini alikuja kuliangalia akatikisa kichwa. Mimi sikutikisa. Mimi ni mtu niliyekuwa utingo mpaka Lubumbashi, nimeona Wakongo wakifunga injini ya lori kwa kamba ya katani na lori likapanda mlima. Darasa la sita lilinitosha, mengine nimesomea barabarani.

Martina atapanda hilo kwenda kanisani. Limebaki tatizo moja: raba za vioo na milango. Za zamani zimekauka kama ngozi ya mbuzi, ukizikunja zinavunjika. Vumbi linaingia, maji yanaingia, na bibi harusi hawezi kushuka na gauni lenye rangi ya barabara. Shinyanga nimezunguka maduka yote wananipa raba za Noah. Wewe uko hapo Masumbwe kwenye duka la spea la Vipul, kazi yako ni nini kama si kumsaidia kaka?

Nimekata kipande cha ile ya zamani, kimo humu ndani ya bahasha. Usiniambie nipige picha nikutumie kwa simu. Raba haichaguliwi kwa macho, inachaguliwa kwa vidole. Ishike: ina mifereji miwili, mmoja unauma kioo, mwingine unauma bati. Barua anayo Mwita, kondakta wa basi la asubuhi. Ni mtu wa Tarime lakini mwaminifu.

Msalimie shemeji Davis.

Kaka yako Bujiku,
fundi wa kimataifa


Masumbwe,
26 Novemba 2023

Kaka Bujiku,

Shikamoo. Tumepokea barua yako na raba yako, na duka zima limenuka banda la kuku. Mimi mzima. Davis yuko duarani, kwenye shimo lao la dhahabu. Mwambie wifi kitenge kingine kipo njiani.

Vipul alikishika kile kipande akakinusa, akakivuta, akaniuliza kama gari lenyewe lilizikwa. Halafu alipanda ngazi mwenyewe, na yule mzee huwa hapandi ngazi. Nakutumia vipande vitatu nilivyokata kwenye roli zake, nimevifunga uzi wa rangi tofauti.

Uzi mweupe ni sponji ya kubandika kwa gundi. Watu wengi wananunua hiyo. Inaingia kirahisi, lakini Vipul anasema jua la kwenu litaila kabla hujamaliza kujisifu. Uzi mwekundu ni raba ya lori, nene, ngumu, inaziba mpaka moshi. Uzi wa bluu ndiyo inayofanana na ya kwako: nyembamba, mifereji miwili, na ukiibonyeza inarudi polepole. Yeye anasema bluu, na mimi nimeishika, nasema bluu.

Maneno yake mengine, uyasikilize hata kama ulifika Lubumbashi. Kioo cha mbele na cha nyuma unakiingiza kwa kamba na maji ya sabuni, wala si kwa bisibisi. Na ukishavalisha raba za milango, usiibamize milango. Iache imeegeshwa siku kadhaa raba ilale. Raba mpya ina kiburi.

Chagua, unijibu kwa simu. Barua ni za watu wa zamani.

Mdogo wako,
Loveness


Samuye,
4 Februari 2024

Kwako mdogo wangu Loveness,

Marahaba. Naona umeshangaa kupata barua badala ya simu. Simu imeharibika, imeingia maji. Huku wazima. Mama Martina amekwenda kuwasalimia kwao Mwakitolyo, alikuwa hajawaona siku nyingi. Martina yupo. Mvua ni nzuri sana, mahindi yamenifika kifuani.

Zile raba za bluu zilikaa kama zimezaliwa na gari. Niliingiza kioo cha mbele kwa kamba na sabuni peke yangu, na laiti ungekuwepo ungelipa kiingilio. Mvua kubwa ya Januari ilipokuja niliingia ndani, nikafunga kila kitu, nikakaa nikisubiri tone. Tone halikuingia hata moja. Ni gari au ni nyambizi?

Bahati mbaya raba za milango miwili ya kushoto zimeharibika. Zimeliwa na mbuzi. Naomba nyingine. Safari hii nataka ile ya uzi mwekundu, ya lori, na unitumie ya kutosha milango yote.

Na kama Mwita ana nafasi kwenye buti, niwekee kiberiti pakiti moja, chumvi, mafuta ya taa, na unga wa sembe uliokwisha sagwa. Vya huko kwenu naona vina ubora.

Msalimie Davis. Siku hizi humtaji kwa mapana.

Kaka yako,
Bujiku


Masumbwe,
11 Februari 2024

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Davis yuko duarani.

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikampa Vipul akaisoma, ndipo nikajua si mimi tu. Duka la Esta liko hatua chache kutoka kwenye ua wako. Mashine ya kusaga iko nyuma ya duka la Esta. Tangu lini kiberiti cha Masumbwe kikawa na ubora?

Na mbuzi gani hao? Raba ya mlango inakaa ndani ya ukingo, mlango ukifungwa haionekani. Mbuzi wako walifungua mlango, wakala upande wa kushoto tu, wakafunga?

Tena hukumtaja Bartholomeo. Huna barua isiyomtaja Bartholomeo. Hukuwataja watu kabisa, kaka. Umetaja mvua, mahindi na raba. Nilimpigia wifi, akasema nikuulize wewe, akakata simu.

Unga, chumvi, mafuta na kiberiti umeshavipata kwa Mwita. Raba sitatuma mpaka uniambie mtu gani kaila.

Loveness


Samuye,
3 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Haya, kaa chini.

Nimetengwa.

Ilikuwa siku ile ile ya mvua niliyokuandikia. Nilikuwa ndani ya Pijo, vioo juu, milango imefungwa, mvua inapiga bati kama watu wanaomwaga mawe, na mimi nimekodoa macho kwenye pembe za vioo nikitafuta tone. Humo humo kwenye mvua, wezi waliingia kwa Sikujua, yule mjane, wakaondoka na ng'ombe. Yowe likapigwa. Wanaume wote wakatoka, wa huku na wa ng'ambo ya bonde. Loveness, mimi sikusikia kitu. Naapa kwa jina la marehemu baba.

Ng'ombe walipatikana, lakini jirani yetu Luka aliteleza mtaroni mguu ukavunjika vibaya, mfupa ukaonekana. Vijana wanarudi wamembeba, wananikuta mimi nimekaa garini mkavu, natabasamu kwa sababu ya raba. Wakavuta milango wakanitoa. Ndivyo zilivyochanika zile za kushoto. Mbuzi hawana kosa.

Hapo bado ningepona. Kesho yake sungusungu wakaketi. Bartholomeo ndiye kamanda, na mimi nikamwona ni Bartholomeo wetu, yule tuliyekuwa tukichunga naye, yule aliyekuwa anakuletea wewe karanga shuleni. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Bujiku, yowe ulilisikia au hukulisikia?"

Nikasema, "Nililisikia, nikadhani kwaya ya akina mama inafanya mazoezi."

Hakucheka mtu. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu. Katibu akaandika: amekiri kusikia.

Sasa hakuna anayenisalimia. Esta haniuzii kitu wala hachaji simu yangu, ndiyo maana imezimika, maji hayakuingia. Mashine hainisagii, Martina anapanda basi na mahindi kichwani mpaka mjini. Atakayezungumza nami, au kugusa kitu changu, anatozwa faini. Mama Martina alivumilia, halafu akasema hawezi kuishi kama maiti ambayo haijazikwa, akaenda kwao. Mimi kila asubuhi nasahau, nasema "Mwangaluka!" kwa mtu anayepita, naye ananitazama kama kioo, anaona kilicho nyuma yangu. Nimebaki kuwatania mbuzi. Mwanzoni walikuwa wananisikiliza.

Na kubwa ni Martina. Wakwe wametuma neno: hawawezi kumchukua binti kwenye nyumba ambayo hakuna jirani wa kuchota maji, kusaga, wala kupiga kigelegele. Wamempa mpaka Pasaka ipite na mwezi juu yake. Mtoto haniambii kitu. Ananiwekea ugali, ananawa, anaondoka.

Kwa hiyo nataka ile nene ya lori. Nikimpata Bartholomeo aketi ndani ya gari, vioo juu, wao wapige yowe nje, ataona mwenyewe kwamba humo ndani mtu hasikii. Lakini nitamwombaje mtu ambaye haruhusiwi kunisikia?

Davis ana nini? Mimi nimesema yangu.

Kaka yako,
Bujiku


Masumbwe,
17 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Nililia, halafu nikafika pale kwenye kwaya nikacheka, halafu nikalia tena kwa sababu nimecheka.

Mimi sikuwepo kwenye mkutano wao, sijakatazwa kitu. Nimemwandikia Bartholomeo barua yake mwenyewe, ameipeleka Mwita kwa basi hilo hilo. Nimemkumbusha karanga. Nimemweleza aje akae ndani ya gari, asikilize, aamue. Amejibu kwa mstari mmoja: "Nitakuja Jumapili ya tatu baada ya Pasaka. Sitaongea naye."

Kuhusu raba. Kwenye mzigo huu kuna roli mbili, nyekundu na bluu. Nilitaka nitume bluu peke yake, lakini wewe ni mkubwa wangu, siwezi kukuchagulia. Nitasema tu. Siku ile gari lilikuwa na bluu. Ukivalisha ile ya lori, utamkalisha Bartholomeo kwenye gari ambalo siku ile halikuwepo. Atatoka aseme hakusikia, watu watakusalimia, Martina ataolewa, na wewe peke yako utakuwa unajua. Wewe huwezi kutunza siri, kaka, hata ya kwako mwenyewe. Ungeitania kwenye harusi.

Vipul anasema tena usibamize milango.

Davis hayuko duarani. Duara lilishafungwa tangu mwaka jana. Usiniulize zaidi kwenye barua hii.

Loveness


Samuye,
26 Aprili 2024

Kwako mdogo wangu mpendwa Loveness,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua hii iandalie chai.

Kwanza nilivalisha ile ya lori. Nisikufiche. Milango yote, nikaingia, nikafunga, nikamwambia Martina apige sufuria kwa mwiko huko nje. Nilimwona mkono ukipanda na kushuka, sauti hakuna. Nikasema nimeshinda. Lakini sikutoka haraka. Nilikaa pale nikimtazama mwanangu anapiga sufuria bila sauti, machozi yanamtoka, nikasema moyoni, Bujiku, hivi ndivyo ulivyo tangu Januari, na sasa umejinunulia kimya kingine, roli nzima. Nikazing'oa zote. Jumamosi jioni nikavalisha bluu. Nikaibamiza milango, kwa sababu Vipul hajafika Lubumbashi.

Jumapili baada ya kanisa wakaja. Wanaume wote, na fimbo zao, wakasimama mbali na ua, na wanawake nyuma yao. Luka aliletwa kwenye baiskeli, mguu umenyooka mbele kama bunduki. Bartholomeo akaingia upande wa abiria bila kunitazama. Mimi nikaingia kwa dereva. Tukafunga. Puu! Nje wakaanza yowe.

Loveness, nililisikia.

Kwa mbali, kama mbu ndani ya chupa, lakini nililisikia. Nikamtazama Bartholomeo kwa pembe ya jicho, nikaona na yeye amelisikia. Kulikuwa kukavu, bati limenyamaza, mvua ya kuniokoa haipo. Nikajua nimekwisha. Nikaiona harusi ya Martina inapita barabarani bila kusimama.

Bartholomeo akashika mlango atoke. Mlango haukufunguka. Raba mpya imeuma. Akatafuta kitasa cha ndani, hakuna: nilivifungua vyote nilipokuwa navalisha, viko kwenye kopo la mafuta juu ya kigoda, pamoja na mikono ya kushushia vioo, kule nje, tunaliona kabisa lile kopo. Akasukuma kwa bega. Akagonga kioo kwa kiganja, awaite.

Wao wakadhani anawaonyesha kwamba hasikii. Wakaongeza yowe.

Akagonga kwa ngumi. Wakaongeza tena, mpaka wanawake wakaingia. Kadiri alivyogonga ndivyo walivyopasua koo. Martina alipoelewa akakimbia kuvuta mlango, hakuuweza. Akawaita vijana wamsaidie, wakarudi nyuma, maana kugusa kitu changu ni faini, na anayetoza faini ndiye yule anayepiga kioo. Humo ndani joto linapanda. Jasho linamtoka kamanda kama amenyeshewa. Aliutazama ule mlango kwa muda mrefu, halafu mabega yakamshuka.

"Bujiku," akasema. "Fungua."

Tangu Januari hakuna mtu wa nje ya nyumba yangu aliyenitaja jina. Sikujibu. Nilitaka alirudie.

"Bujiku, husikii?"

"Nasikia," nikasema. "Hata yowe nimelisikia."

"Hata mimi."

"Siku ile mvua ilikuwa juu ya bati."

Akainua macho kwenye bati. Najua alikuwa anaikumbuka ile mvua, maana iling'oa hata paa la banda lake. "Sasa kwa nini hukusema hivyo? Ukasema kwaya."

"Nilitaka mcheke."

"Luka alikuwa nyuma yangu, wamemfunga mguu kwa vijiti."

"Najua. Ningekimbia, Bartholomeo. Wewe unajua ningekimbia mbele yenu wote."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana iliniuma."

Huko nje bado wanapiga yowe, maskini, sauti zimekauka. Na sisi tumekaa humo tunatazama mbele kama watu wanaosafiri. Halafu yule bwana akaanza kutikisika. Nikadhani joto limempanda. Alikuwa anacheka. Akasema, "Kwaya ya akina mama," akajipiga goti, na wanawake huko nje hasa ndio walikuwa wanaongoza. Nikacheka na mimi mpaka vioo vikaingia ukungu, na walio nje hawakutuona tena.

Nikamwambia arudi kiti cha nyuma. Tukalala chali, tukaweka miguu kwenye kioo cha nyuma, nikahesabu kama tunavyohesabu kusukuma lori, tukakisukuma kikatoka kizima, raba ikabaki kwenye bati, kikaangukia kwenye majani. Kamanda wa sungusungu akatoka kichwa mbele, kwa mikono, kama nguruwe anayetoka boma la watu. Katibu akamuuliza kama alisikia au hakusikia.

Bartholomeo akajifuta uso. Akasema, "Nimelisikia, kwa sababu leo hakuna mvua. Siku ile ilikuwepo, na ninyi nyote mlilowa. Lakini liko lingine, andika: nimeongea na Bujiku humo ndani. Kwa sheria yetu nimetengwa kuanzia sasa."

Wazee wakatazamana. Ukimtenga kamanda, nani ataongoza yowe? Wakajitenga pembeni, wakarudi: mimi na Bartholomeo kila mmoja atoe mbuzi, wachinjwe pale pale, tule pamoja, neno liishe. Mimi nilimtoa yule beberu aliyekuwa ananisikiliza kwa uvivu. Luka ndiye aliyeanza kunipa mkono. Akasema hajanisamehe bado, lakini siku ya harusi anataka kiti cha mbele, mguu wake unahitaji nafasi. Nimempa. Nyama ilipokuwa motoni Esta akapita, akanyoosha mkono bila neno, nikampa simu yangu, akaenda kuichaji.

Mama Martina amerudi juzi. Alikuta wanawake wanne kwangu wanabishana nani atasonga ugali wa wakwe. Aliweka mzigo chini akajiunga na ubishi. Mimi hakuniambia kitu, ila aliniwekea ugali akakaa.

Harusi ni Juni ile ile. Njoo. Njoo na Davis, au bila Davis, au na mizigo yako yote. Hakuna atakayekuuliza, na akitokea wa kuuliza nina utani wa kumjibu. Nimejifunza kuutazama kwanza kabla ya kuutoa. Chumba cha mama kimepigwa lipu mpya. Mlango wake unafunguka kwa ndani.

Simu ina chaji sasa. Lakini kuna kitu ambacho lazima kije kwa mkono wako. Ile raba ya kioo cha nyuma ilichanika pale kamanda alipopita na tumbo lake. Nenda kwa Vipul, mwambie alisema kweli juu ya kubamiza milango, ila usimwambie kwa sauti kubwa. Halafu nichagulie nyingine, uzi wa bluu. Ishike kwa vidole vyako mwenyewe kabla ya kukata. Na kama kwenye roli utaikuta sehemu ambayo imelegea kidogo, inayopitisha sauti, nikatie hiyo.

Kaka yako Bujiku